Mfano wa jahazi kwa kipimo cha 1 kwa 24: ubao kwanza, mataruma baadaye

Jahazi ni chombo cha wazi. Anayeliangalia kutoka juu huona mataruma (mbavu za chombo), huona ngama (sehemu ya chini kabisa ndani yake), huona mpaka tako la mlingoti. Hapo ndipo mifano mingi inapoharibika. Njia iliyozoeleka ya kutengeneza mifano ya meli za Ulaya ni kukata vizuizi vya plaiwudi, kuvipanga juu ya mkuku (mti wa chini, uti wa mgongo wa chombo), kuvivalisha vibao, kisha kufunika kila kitu kwa sitaha. Vizuizi vinabaki ndani na hakuna anayeviona. Ukilijenga jahazi hivyo, utalazimika ama kulifunika sitaha nzima ambayo halina, ama kuacha plaiwudi ikichungulia.

Mafundi wa pwani, kuanzia Matondoni kule Lamu hadi Nungwi huko Unguja, wana desturi inayotusaidia hapa. Wanalaza mkuku, wanasimamisha miti ya miisho, hanamu mbele na fashini nyuma, wanapandisha mbao za chini, na mataruma wanayachonga yafuate umbo ambalo mbao zimekwisha kulitoa. Kwa mfano mdogo tunafanya vilevile, ila mbao tunazivalisha juu ya kalibu za muda (vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo la chombo), kisha tunazing'oa kalibu na kupachika mataruma ndani ya ganda tupu.

Vipimo

Mwongozo huu ni wa jahazi la mita 12. Kwa 1 kwa 24 linakuwa hivi: urefu wote mm 500, upana mm 165, mkuku mm 450. Kimo kutoka chini ya mkuku hadi ukingoni ni mm 88 kwenye omo (mbele), mm 75 katikati na mm 95 kwenye tezi (nyuma). Mlingoti mm 400, foromali (mti wa kufungia tanga) mm 520.

Kama uko karibu na bandari yenye majahazi, ni bora kupima chombo halisi kuliko kunakili picha. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, vyombo hupandishwa ufukweni kusafishwa na kukalafatiwa (kuzibwa mianya ya mbao), na maji yakikupwa chombo hubaki kikavu kwa saa kadhaa. Mwombe nahodha ruhusa, kisha nyoosha kamba juu ya chombo kutoka omo hadi tezi, iwe mstari wa katikati. Chagua vituo vitano vya kupimia, kati ya tisa vinavyohitajika, kimoja kwa kila kalibu. Katika kila kituo simamisha timazi nje ya ubavu, na kwa kila sentimita 20 za kimo pima umbali kutoka uzi wa timazi hadi kwenye ubao. Toa umbali huo kutoka umbali wa timazi hadi mstari wa katikati, utapata nusu ya upana. Gawa kwa 24: mita 1.98 inakuwa mm 82.5. Vituo vinne vilivyobaki utavipata kwenye karatasi kwa kupitisha ufito unaopinda kwenye nukta za vituo jirani.

Amua mapema unajenga jahazi la wapi. La Lamu hujulikana kwa hanamu iliyosimama karibu wima. La Unguja hanamu yake hulala mbele zaidi. Vipimo vilivyo hapa ni vya umbo la Lamu. Ukichanganya hanamu ya huku na tezi ya kule, mtu wa pwani atakuuliza jahazi hili ni la nani.

Mbao na vifaa

Kosa la kwanza hufanyika wakati wa kuchagua mti. Chombo halisi hujengwa kwa mbambakofi, mvule, mtondoo au msaji, lakini mti unaofaa chombo kikubwa haufai lazima chombo kidogo. Mvule una matundu makubwa. Kwa kipimo cha 1 kwa 24 tundu la nusu milimita linaonekana kama shimo la sentimita 1.2. Tafuta mti wenye nyuzi laini na zilizonyooka, hata kama rangi yake si ya jahazi. Rangi utaitia baadaye.

Kwa vibao vya ubavuni, podo ndiyo rahisi kupinda na kusugua. Mkuku, hanamu na fashini vitoke kwenye mninga. Mataruma yanaweza kuwa podo au mchungwa. Kapi na gofia, yaani puli za kamba, zichongwe kwa mpingo, kwa sababu haupasuki ukitobolewa tundu dogo. Karakana za fanicha hutupa vipande vinavyotosha kazi hii yote. Msaji unaweza kuutumia, lakini una mafuta yanayokataa gundi. Upanguse kwa asetoni dakika chache kabla ya kugundisha, si jana yake, maana mafuta hurudi juu.

Unahitaji:

- vibao 40 vya mm 1.5 kwa 8, urefu mm 520 (32 vya kazi, 8 vya akiba)
- mninga mm 5 kwa 8, urefu mm 450, kwa mkuku, na kipande cha unene wa mm 5 kwa hanamu na fashini
- plaiwudi ya mm 6 kwa kalibu 9
- ubao wa kujengea, mm 600 kwa 200, unene mm 18, ulionyooka kabisa
- vibao vya mm 1 kwa 4 kwa mataruma, jumla mita 18, na kipande cha unene wa mm 4 kwa sehemu zake za chini
- gundi nyeupe ya seremala, na gundi ya papo hapo kwa kamba tu
- msumeno mwembamba, wembe, patasi ya mm 6, tupa ndogo, randa ndogo, jiliwa, drili ya mkono yenye biti za mm 0.6 hadi 1
- msasa namba 120, 180 na 240
- vibanio vya nguo, pini, na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli

Vumbi la mvule, mninga na mpingo huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu. Vaa barakoa hata kama unasugua kidogo.

Jambo la unyevu lisipuuzwe. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam ina maji mengi, na mbao huyanyonya. Mfano uliojengwa kwa mbao zilizovimba ukipelekwa Nairobi, au kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, mbao husinyaa na maungio hufunguka, hata kama gundi ilikuwa nzuri. Pasua vibao mapema, vipange kwa kuviachia nafasi ndani ya sanduku lenye balbu ndogo ya moto, na uviache wiki mbili au tatu. Balbu isiguse mbao wala sanduku.

Kalibu

Chora nusu ya kila kituo kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, kata, kunjua. Hapo pande mbili haziwezi kutofautiana. Halafu lipo jambo linalosahauliwa mara nyingi: vipimo ulivyochukua ni vya nje ya ubao, na kalibu inakaa ndani. Punguza mm 1.5 kuzunguka mchoro wote kabla ya kukata plaiwudi. Usipopunguza, jahazi litakuwa nene kwa mm 3 na ubao wa tezi (unaoziba nyuma ya chombo) hautakutana na mbao.

Tunajenga chombo kikiwa kimepinduliwa. Kila kalibu iongezewe miguu hadi kwenye mstari mmoja ulio mm 120 kutoka chini ya mkuku, ili zote zikikaa juu ya ubao wa kujengea mkuku uwe sawa. Juu ya kila moja kata pengo la upana wa mm 5 na kina cha mm 3, ambamo mkuku utakaa ukitokeza mm 5 nje. Pasua kila kalibu katikati, kisha unganisha nusu mbili kwa kipande cha plaiwudi na skrubu mbili. Usipopasua sasa, siku ya kuzitoa utavunja ulichojenga.

Kwenye ubao wa kujengea chora mstari wa katikati na mistari 9 ya kukatiza, mm 50 kati ya mmoja na mwingine. Kalibu za upande wa omo zikae mbele ya mistari yake, za upande wa tezi zikae nyuma. Hapo unene unaozidi ndio utakaorandwa. Zifunge kwa vigingi vya mm 20 na skrubu, usizigundishe. Hakikisha kwa pembemraba kwamba kila moja imesimama wima.

Sasa chukua ufito wa mm 3 kwa 3 na uulaze juu ya kalibu kutoka omo hadi tezi. Utaona unagusa ncha moja tu ya kila kalibu. Sugua kingo kwa msasa uliogundishwa kwenye kijiti cha mm 250, ukigusa kalibu tatu kwa pamoja, mpaka ufito ulale bila kuacha mwanya popote. Hamisha ufito kila mm 10 ya kimo. Ukikuta kalibu moja iko chini, gundisha karatasi ngumu kwenye ukingo wake na usugue tena. Saa mbili hapa ni bora kuliko siku nzima ya kujaza mabonde baadaye. Ukimaliza, vika kingo zote selotepu ili gundi isishike.

Mkuku, hanamu na fashini

Kata hanamu na fashini nyuzi za mti zikifuata urefu wa kipande. Nyuzi zikikatiza, hanamu itavunjika mara ya kwanza utakapoipandisha kibao cha moto. Ungio kati ya hanamu na mkuku liwe la kulaliana, urefu mm 25, na ulitobolee vijiti viwili vya mshikaki vilivyopunguzwa hadi mm 1. Fashini nayo vivyo hivyo. Fashini inalala nyuma kidogo. Ubao wa tezi unakaa juu yake, unene mm 3, na kwenye jahazi huwa mwembamba chini na mpana juu.

Kabla ya kupandisha mkuku, chora mstari mm 3 kutoka ukingo wake wa ndani, pande zote mbili, uendelee kwenye hanamu na fashini. Kwa ncha ya patasi chimba mfereji wenye umbo la V, kina mm 1.5. Humo ndimo ubao wa kwanza unapoingiza ukingo wake. Wanaoruka hatua hii hulazimika kubandika ubao ubavuni mwa mkuku, na mstari wa gundi huonekana daima.

Laza mkuku kwenye mapengo ya kalibu na uufunge kwa mpira. Hapo usitie gundi hata tone.

Kuvalisha mbao

Gawanya kwanza, kata baadaye. Kwa ukanda wa karatasi pima umbali kutoka mfereji wa mkuku hadi ukingo wa juu, katika kalibu ya kati, kwenye hanamu na kwenye tezi. Kwa umbo hili ni takriban mm 128, 80 na 104. Ukitumia mbao 16 kila upande, kila ubao utakuwa na upana wa mm 8 katikati, mm 5 omo na mm 6.5 tezi. Tia alama hizo kwenye kila kalibu kwa penseli. Usiruhusu ubao kuwa mwembamba chini ya nusu ya upana wake wa kati; ukifika huko, mbao mbili ziungane kuwa moja kabla ya kufika hanamu.

Kila ubao unapitia hatua hizi:

1. Weka alama za upana, bana ubao kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mti, na urande hadi kwenye alama. Randa mbili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto, ili ziwe pacha.

2. Loweka sehemu ya omo, kiasi mm 150, kwenye maji ya moto kwa dakika 20. Ipinde taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, ukiusogeza ubao muda wote. Moshi ukitoka umekawia.

3. Ufunge ubao mahali pake bila gundi na uuache ukauke hadi kesho yake. Haraka ndiyo inayowaponza wengi katika hatua hii. Mti mbichi huvimba upana. Ukiugundisha ukiwa na maji utakauka na kuacha mwanya wa wembe, na mianya 15 ya namna hiyo ni jahazi linalopitisha mwanga.

4. Ukikauka, sugua kona ya ndani ya ukingo mara mbili tatu, hasa pale ubavu unapokunja, ili kona ya nje ikutane na ubao jirani. Pitisha penseli ya 2B kwenye kona ya nje tu. Mstari huo mweusi ndio utakaoonekana kama kalafati. Ukipaka ukingo mzima, gundi haitashika vizuri.

5. Tia gundi kwenye ukingo, kwenye mfereji, kwenye hanamu na kwenye ubao wa tezi. Kandamiza kwa pini kwenye kalibu na kwa mpira kuzunguka chombo. Pangusa gundi inayotoka kwa kitambaa chenye unyevu papo hapo, maana ikikauka mahali hapo hapatakunywa mafuta na patabaki na doa jeupe. Gundi ya papo hapo ni mbaya zaidi: huingia ndani ya mti na kuacha doa ambalo msasa hauliondoi.

Anza na ubao wa mkukuni, kulia kisha kushoto. Halafu nenda kwenye ubao wa ukingo wa juu, kulia kisha kushoto, kwa sababu mstari wa ukingo ndio sura ya jahazi na ni bora uupate ukiwa na nafasi. Kisha jaza kutoka pande zote mbili ukielekea katikati. Usivalishe mbao tatu za upande mmoja kabla ya kugusa mwingine. Mbao hukaza kama kamba, na mkuku hupinda. Ukiutazama kutoka omo utauona umekuwa ndizi, na hapo hakuna dawa. Kila baada ya jozi mbili inama uutazame.

Chombo halisi hakina ubao wa mita 12 kipande kimoja. Ukitaka uhalisia, kata kila ubao mara moja au mbili na uunganishe juu ya mstari wa kalibu, maungio ya mbao jirani yasikaribiane kwa chini ya mm 50.

Ubao wa mwisho, wa 16, hautakuwa na upana uliopanga. Haujawahi kuwa nao. Bonyeza karatasi juu ya mwanya, chukua alama, kata ubao upana ukizidi nusu milimita, na usugue ukiujaribu mara kwa mara mpaka uingie kwa kubanwa na kidole.

Sugua ganda zima kwa msasa 120 kufuata nyuzi, kisha 180, kisha 240. Ishia unene wa mm 1.2. Kwenye mkunjo wa ubavu ni rahisi kutoboa; shika taa ndani na utazame mwanga.

Kung'oa kalibu

Liache ganda siku mbili. Fungua skrubu za vigingi, geuza chombo, na kabla ya kugusa kalibu yoyote gundisha kwa muda vijiti vinne vya kukatiza kutoka ukingo hadi ukingo, kwenye mistari ya kalibu 2, 4, 6 na 8. Bila hivyo ganda hufunguka kwa mm 5 au zaidi, na upana uliopima ufukweni umepotea. Kisha fungua viunganishi na vuta nusu za kalibu kwenda katikati. Ikigoma, chomeka kisu chembamba kati ya selotepu na ubao, usipige nyundo.

Mataruma

Nafasi ya mataruma ni theluthi ya nafasi ya kalibu, yaani mm 16.7, sawa na sentimita 40 za chombo halisi. Hii si bahati. Kila taruma la tatu linaangukia pale pale kalibu ilipokuwa, kwa hiyo matundu ya pini zako yanageuka kuwa matundu ya misumari.

Katika chombo halisi taruma halipindwi. Fundi hutafuta tawi lenye mkunjo unaofaa. Kwa hiyo si kipande kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Kata sehemu ya chini, inayopita juu ya mkuku, kwa mti wa mm 4, urefu kiasi mm 60. Chukua umbo kwa waya laini wa shaba: ubonyeze ndani ya ganda, uutoe, uchore. Sehemu za ubavuni tengeneza kwa vibao vitatu vya mm 1 kwa 4 vilivyolowekwa, vikapindwa pamoja ndani ya ganda, vikakauka, kisha vikagundishwa. Sehemu ya ubavuni ilale kando ya ile ya chini kwa mm 20, sio kukutana nayo ncha kwa ncha.

Jumla ni mistari 27. Anza na ya katikati, nenda mbele na nyuma. Usiyafanye yote yafanane kabisa. Mataruma halisi yana vifundo, mengine manene, mengine yamechongwa kwa tezo upande mmoja tu. Mataruma yaliyonyooka kama reli huufanya mfano uonekane umetoka kiwandani. Pitisha patasi hapa na pale.

Vijiti vya muda viondolewe tu baada ya kupachika mbao ndefu za ndani, mbili kila upande, mm 2 kwa 6, zinazopita juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi.

Kuhusu misumari: ukitaka kuionyesha yote, mbao 32 mara mataruma 27 mara misumari miwili ni 1,728. Kichwa cha msumari cha sentimita 2 ni chini ya mm 1 kwenye mfano. Toboa kwa drili ya mm 0.6 na ujaze nta nyeusi. Kama huna subira, acha kabisa, jaza matundu ya pini tu. Vinyago vya jahazi vinavyouzwa kwa watalii huharibiwa zaidi na vichwa vya shaba vikubwa, ambavyo kwa kipimo chake vingekuwa na ukubwa wa sahani.

Mwashiri, boriti na usukani

Mwashiri, kipande kinachopokea tako la mlingoti, ni mm 12 kwa 8 na urefu mm 90, kikiwa kimekatwa mapengo chini yake ili kikae juu ya mataruma. Tundu lake ni la mraba, mm 6, mahali palipo mm 200 kutoka hanamu. Boriti ya mlingoti, mm 6 kwa 5, inakatiza chombo kutoka ukingo hadi ukingo. Mlingoti wa jahazi huinama mbele. Kwa mfano huu nyuzi (digrii) 6 zinatosha, na pembe hiyo hutokana na mahali boriti ilipo: juu ya mwashiri kwa mm 60, mlingoti unasogea mbele mm 6. Pima kabla ya kugundisha boriti. Mlingoti uliosimama wima ni alama ya mfano uliofanywa na mtu asiyelitazama jahazi.

Tia sitaha fupi ya omo, mm 70, na ya tezi, mm 110. Katikati pabaki wazi. Usukani una unene wa mm 4 upande wa fashini ukipungua hadi mm 2, unaning'inia kwa bawaba mbili za bati la shaba, na kana yake (mpini wa kuugeuzia) ni mm 80.

Mlingoti, foromali na kamba

Mlingoti: mm 9 chini, mm 6 juu. Anza na mti wa mraba, urande kona uwe na pande nane, kisha kumi na sita, ndipo usugue. Ukianza kuzungusha kwenye msasa moja kwa moja utapata fimbo yenye mawimbi.

Foromali haichongwi kwa mti mmoja. Chukua viwili vya mm 300, vilalishe juu ya mwenzake kwa mm 80, vifunge kwa uzi sehemu nne. Katikati mm 7, ncha mm 3.

Kamba zote ziwe za pamba, zichovywe kwenye chai ya rangi nzito, zikauke, kisha zipitishwe kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale. Nailoni inang'aa na haikai ilipowekwa. Henza (kamba ya kupandishia foromali), mm 1.2, inafungwa katikati ya foromali, inapita kichwani mwa mlingoti na kushuka nyuma hadi kwenye gofia. Jarari, mm 0.8, inapita kwenye gofia hiyo na kwenye abedari, kapi ya chini, na ndiyo inayovutwa. Demani (kamba ya kuvutia tanga) ni mm 1. Nyuzi za kufungia tanga kwenye foromali, mm 0.4.

Gofia na kapi chonga zikiwa bado kwenye ufito wa mpingo wa mm 5 kwa 4: toboa matundu kwanza, chimba mfereji wa kuzunguka kwa tupa, viringisha kona, na kukata kuwe mwisho. Kipande cha mm 6 kikishakatwa hakishikiki.

Amua upepo unatoka upande gani, na kila kamba iafiki. Kamba za kushikilia mlingoti katika jahazi huhamishwa. Hukazwa upande wa upepo, na upande wa tanga hulegea au hufunguliwa. Mfano wenye kamba zilizokazwa pande zote mbili na tanga limejaa haujui upepo unatoka wapi.

Tanga

Bafta nyembamba, au shuka kuukuu lililofuliwa mpaka likalainika. Matanga mengi ya jahazi si pembetatu kamili. Yana ukingo mfupi wa mbele. Kata hivi: upande wa foromali mm 490, wa mbele mm 40, wa chini mm 360, wa nyuma mm 400, na uongeze mm 5 za pindo. Mishono ya vipande iende sambamba na ukingo wa nyuma, kila mm 28. Cherehani hutoa mishono mikubwa kupita kiasi. Mstari wa penseli ngumu pande zote mbili za kitambaa unaonekana vizuri zaidi. Ukingo wa nyuma ukate kufuata uzi wa kitambaa, la sivyo utalegea.

Ili tanga lijae, lichovye kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mara tano, lifunge kwenye foromali, na lilaze juu ya puto lililopulizwa hadi likauke. Ukitaka lililokunjwa, kata theluthi moja tu ya kina chake. Tanga zima likikunjwa kwa kipimo hiki huwa furushi.

Mafuta na rangi

Chombo halisi hupakwa sifa (mafuta ya papa) juu ya maji na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini yake: juu hudhurungi iliyoiva, chini weupe uliochakaa. Vanishi ya kung'aa haina mahali hapa. Laza chombo sawa, funga penseli juu ya kigogo, na uzungushe mstari wa maji: mm 30 kutoka chini ya mkuku kwenye omo, mm 35 kwenye tezi. Chini paka rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyotiwa hudhurungi kidogo, koti mbili nyepesi. Juu na ndani paka mafuta ya linsidi kwa kitambaa, subiri dakika 15, pangusa yote yaliyobaki, rudia baada ya siku mbili. Vitambaa vyenye linsidi vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje au uvitumbukize kwenye maji.

Kamba na tanga vifungwe baada ya mafuta kukauka kabisa, kiasi cha wiki moja. Mlingoti usigundishwe kwenye mwashiri. Jarari ikilegezwa na kamba za upande wa upepo zikifunguliwa, uchomoke na foromali yake, na jahazi lote liingie kwenye sanduku la mm 550 kwa 200 kwa 150.